Mzee wangu anataka kuwategea simba sumu, nimshawishije asifanye hivyo?

Kijana_wa_Lamadi

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo na naomba mnijibu kwa uzito maana hili jambo linaweza kuharibika usiku huu huu.

Mi nauza vifaa vya simu hapa Igoma, Mwanza, ila kwetu ni Busega, upande wa Lamadi karibu na geti la Ndabaka la kuingilia hifadhi ya Serengeti. Mzee anafuga, na kwetu Wasukuma mnajua ng'ombe ndo ada ya shule, ndo mahari, ndo matibabu, kila kitu kinatoka zizini. Sasa juzi usiku wanyama wameingia wakala ndama nusu na kumjeruhi ng'ombe mkubwa ambae jana asubuhi amekufa. Majirani wote wanasema ni simba. Mzee kanipigia leo mchana anasema mzoga haujachunwa, anataka aupake dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu, aukokote mpaka kule vichakani, wakija kumalizia ndo mwisho wao.

Mi simba nampenda kwa dhati na sitaki auliwe hivyo, ila nashindwa nimwambie nini mzee. Hapa mjini ukimuuliza mtu yeyote anakwambia simba ni fahari ya Tanzania, walindwe, hata mtu ambae hajawahi kumuona anasema hivyo hivyo. Kijijini ulifanyika mkutano wa uhifadhi mwezi uliopita, mgeni kaongea vizuri sana kuhusu simba na duma na watalii, watu wakasikiliza kimya mpaka mwisho, hakuna aliepinga na hakuna aliekubali, na mi naujua ule ukimya wa wazee wetu, maana yake wanaenda kufanya wanachojua wao. Nimwambie nini mtu ambae kapoteza ng'ombe wawili usiku mmoja?

---

Mkulima_Bunda

Kijana mpigie mzee SASA HIVI kabla hujasoma majibu mengine, mwambie jambo moja tu, asiuguse ule mzoga na dawa. Hayo mengine ya uhifadhi yatafuata baadae.

Sababu yenyewe sio simba. Dawa ya pamba ikishakaa kwenye nyama haichagui. Watakuja tai kwanza, kabla ya simba, watakufa wote. Atakuja mbwa wa jirani, atakufa, au atatapika uani mahali watoto wanachezea. Mvua ikinyesha inashuka kwenye kijito na kwenu vijito vyote vinakimbilia ziwani, na kina mama wanachota wapi? Na zaidi ya yote kuna watu njaa ikiwabana wanakata nyama ya mzoga, we unajua na mi najua. Mwaka 2018 upande wa Ruaha simba 6 waliuawa kwa sumu na wakaokotwa tai makumi kwa makumi palepale. Tai ndo wanaosafisha mizoga, wakiisha magonjwa ya mizoga yanabaki na mifugo yetu.

Pili, una uhakika gani ni simba? Mi nimefuga huku Bunda maisha yangu yote na nakwambia asilimia kubwa ya mifugo inayoliwa usiku huku magharibi ya Serengeti ni kazi ya fisi, ila lawama anabeba simba kwa sababu jina lake ndo linatisha. Mwambie mtu apige picha za nyayo kwenye vumbi pembeni ya zizi. Simba akitembea kucha anazificha, unyayo unakuwa wa duara bila alama za kucha mbele. Fisi kucha zake zinaonekana wazi, kama za mbwa. Alafu aangalie shingo ya mnyama, simba huwa anakaba koo, fisi wanararua tumbo na nyuma na kutafuna mpaka mifupa. Huyo ng'ombe aliekufa jana majeraha yako wapi?

Tatu, msiuzike mzoga kabla viongozi wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya hawajauona, bila hivyo kifuta jasho, ile hela ya serikali kwa alieliwa mifugo, usahau.

---

Nassa_Original

Mkulima umeongea vizuri kuhusu sumu na hapo nakuunga mkono, mi mwenyewe nina watoto. Ila mnaposema kifuta jasho naona mnamdanganya kijana wa watu.

Hebu tuseme ukweli hapa. Mtu kaliwa ng'ombe, anaambiwa ajaze fomu, aipeleke kijijini, kata, wilaya, picha, sahihi, muhuri, alafu anasubiri, anasubiri weee, na ikija hailingani na hata nusu ya bei ya mnadani. Hata jina lenyewe ni kifuta jasho, hawasemi fidia. Na binadamu akiuawa, kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi shilingi 1,000,000, we mwenyewe piga hesabu msiba mmoja unakula kiasi gani. Kanuni hizohizo zilisema shamba likiwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi tembo akila hupati kitu. Sasa sisi tuliozaliwa hukohuko mpakani twende wapi?

Na watu wa mjini ndo wananichosha zaidi. Mtu anakaa Capripoint huko Mwanza mjini, hajawahi kulala anasikia ng'ombe wanalia zizini na mkononi una tochi tu na mkuki, ila ndo wa kwanza kuandika "wauaji" akiona picha ya simba aliekufa. Mbona hawaandiki mtoto akikamatwa na mamba pale ziwani akichota maji? Huo ukimya wa mkutanoni mi nauelewa vizuri. Wazee waliona wenzao wa Nyatwali, kule Bunda, wanahamishwa kupisha ushoroba wa wanyama kwenda kunywa maji ziwani, kwahiyo mtu akija na projekta kuongea habari za duma wao wanajiuliza anafuata nini, mnyama au ardhi. Ukitaka mtu ampende simba usianze kumuogopesha kwamba kesho atahamishwa.

Simchukii simba. Nachukia kwamba faida ni ya wote alafu hasara ni ya baba yake huyu kijana peke yake.

---

MamaMifugo

Kaka Nassa mi nafanya kazi ya mifugo na nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Hiyo sentensi ya mwisho ingeandikwa kwenye kuta za ofisi zote.

Ila naomba niongeze kitu ambacho watu wengi wa kwetu hawakijui, kwamba simba wa Serengeti na vijiji vyetu tumeunganishwa hata kama hatuonani. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka na kutetemeka kama wana kifafa, watalii wanaona kwa macho, na kabla watu hawajaelewa vizuri karibu theluthi moja ya simba wote wakawa wamekufa, takriban 1,000. Ulikuwa ni ugonjwa wa mbwa, distempa, na kwenye vijiji vinavyozunguka hifadhi mbwa ni wengi na zamani chanjo hakuna. Hakuna mtu aliewawekea sumu, hakuna aliewachukia, na bado walikufa wengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Ndo maana kampeni za kuchanja mbwa zikaanza vijijini huku, distempa pamoja na kichaa cha mbwa, na hapo ndo ninapotaka mfike, kichaa cha mbwa kinaua watoto wetu. Mama anaemleta mbwa kuchanjwa chini ya mwembe hamfikirii simba hata kidogo, anamfikiria mwanae, na simba nae anaweza kufaidika humohumo. Mi naona uhifadhi wa aina hii ndo unaokaa kwenye mioyo ya watu kuliko hotuba yoyote, maana mtu anaondoka na kitu mkononi.

Na kuhusu duma, kwa vile wamemtaja mkutanoni, jamani duma ni mara chache sana kuwa na kesi na ng'ombe. Duma anawinda mchana, swala na wanyama wadogo, akiona fisi anaacha nyama yake anakimbia. Wamebaki 7,000 hivi duniani kote. Lakini huku kwetu nimeshaona watu wanataka kumuua kwa sababu ya madoa wakidhani ni chui. Chui madoa yake yamekaa kama maua, duma ana vidoa vidogo vya duara vilivyojaa na mistari miwili myeusi kutoka machoni kushuka mdomoni. Waonyesheni vijana wanaochunga, wao ndo wanaokutana nae na sio sisi.

Kijana, mwambie baba yako pole sana kutoka kwangu. Anza na pole kabla ya yote. Watu wakija wanamuuliza kuhusu simba, hakuna anaemuuliza kuhusu ng'ombe wake.

---

Mzee_wa_Mpimbwe

Nimesoma yote. Mimi ni Msukuma, nimezaliwa Kwimba, nikahamia Katavi na ng'ombe wa baba yangu nikiwa kijana kama wengi tulivyohama kutafuta malisho, sasa nimerudi Misungwi kupumzika.

Kijana, huwezi kuongea na mzee wa Kisukuma kuhusu simba bila kujua kwamba kwetu aliemuua simba alikuwa ni mtu mwenye heshima kubwa. Kule Mpimbwe nimeyaona kwa macho yangu, kijana akiua simba anavishwa, anatembea na wenzake boma kwa boma wanacheza, na kila boma linatoa zawadi, hela, mbuzi, hata ng'ombe. Zamani ilikuwa na maana yake. Simba alikuwa anatishia kaya zote na huyu kijana kahatarisha maisha yake kwa ajili ya wote, lazima wote wamshukuru. Lakini baadae vijana wakaanza kuwafuata simba hukohuko ndani ya pori, simba ambae hajala ng'ombe wa mtu, ili mradi waje wacheze wapewe mifugo. Wazee wenyewe tukachoka, maana unatoa ng'ombe wako kumzawadia mtu ambae hajakulinda na chochote.

Pakatokea mradi unaitwa WASIMA, Watu Simba na Mazingira, vijana wasomi wakakaa na sisi, na walichofanya vizuri ni kwamba hawakuja kutukana mila. Waliuliza wazee, hii desturi ilikuwa ya nini? Tukajieleza sisi wenyewe, na tulivyokuwa tunajieleza ndo tukaona tulipopotea. Vikao vya vijiji na sungusungu wakaingia, zawadi zile zikaanza kukatazwa na wenye mifugo wenyewe. Aliezuia ile ngoma alikuwa ni mzee aliekuwa anatoa ng'ombe. Asingeweza kuizuia mgeni.

Kwahiyo usiende kwa baba yako na maneno ya mjini. Mtafute baba yako mdogo, au mzee yeyote anaemheshimu ambae nae anafuga, waongee wao. Na wamkumbushe jambo hili, kwamba katika mila yetu simba aliuawa kwa mkuki, uso kwa uso, mchana kweupe, na watu wote wakajua nani kafanya. Sumu inawekwa gizani na hakuna mtu anaevishwa kwa sumu. Baba yako akilisikia hilo kutoka kwa mtu wa rika lake atalielewa haraka.

---

Kijana_wa_Lamadi

Wakuu asanteni sana, nimekaa nasoma huku natetemeka. Nimempigia mzee, nikaanza na pole kama Mama alivyosema, akanyamaza muda mrefu alafu akaanza kunieleza kuhusu yule ng'ombe, alizaa mara ngapi, alikuwa wa nani kabla, mpaka nikakosa neno. Hakuna dawa aliyoweka mpaka sasa. Baba mdogo anafuga Kalemela, nimemuomba aende na anaenda kesho alfajiri, ila usiku huu mdogo wangu analala na mzee.

Mdogo wangu huyo kanitumia picha za nyayo kwa WhatsApp. Mkulima, nyingi zina kucha. Majeraha ya ng'ombe yako nyuma, kwenye mapaja na kiwele. Nikamwambia mzee kwamba inaelekea ni fisi, akanijibu "fisi au simba, ng'ombe wangu amekufa na zizi ni lilelile". Hapo sikuwa na jibu. Zizi letu ni la miiba, upande mmoja umeoza. Je kuna njia ya zizi ambayo mtu wa kawaida anaimudu?

---

Mkulima_Bunda

Mzee kasema kweli, hapo ndo pa kuanzia.

Kule Simanjiro kwa Wamasai wanatumia boma hai. Unachomeka matawi ya ule mti wa porini ambao ukichomeka tawi mvua ikinyesha linachipua, yanakuwa nguzo zinazoishi, haziozi wala mchwa hawali, alafu unazungushia wavu wa cheni linki. Miti inakua na kuubana wavu, simba hapiti na fisi hachimbi kirahisi kama ukiuzika chini kidogo. Gharama iko kwenye wavu, kule wengi walichangiwa sehemu na wao wakaweka sehemu. Kwenu kama wavu hamuwezi kwa sasa, anzeni na zizi dogo la ndama tu ndani ya lile kubwa, ndama ndo wanaoondoka kwanza. Upande uliooza zibeni kesho hiyohiyo, msisubiri. Miiba mipya ifungwe kwa waya na shina liangalie ndani, ncha nje. Na mlango ndo sehemu dhaifu kuliko zote, wekeni mbao nzito.

Mzoga ukishakaguliwa uchomwe moto au uzikwe kina kirefu mbali na zizi, ukibaki hapo watarudi kesho na keshokutwa.

---

Nassa_Original

Kijana nitumie namba ya baba mdogo inbox, mi nipo Nassa sio mbali na Kalemela. Nina mabaki ya wavu wa cheni linki niliozungushia bustani ya nyanya, kama bunda moja na kidogo, kwa zizi la ndama linatosha. Kesho mchana nitapita na pikipiki tuone namna ya kuufikisha.

Na ile fomu ya kifuta jasho mwambie mzee aijaze hivyohivyo, asiache. Nilisema inachelewa, sikusema asidai.

---

MamaMifugo

Asante kaka. Kijana, kwenu mna mbwa wangapi na wamechanjwa lini? Muulize na afisa mifugo wa kata ratiba ya chanjo, na kama hao mbwa wamelamba huo mzoga wafungwe kwanza mpaka mjue hakuna mtu mwingine aliekwisha weka kitu.