Jiwe kwenye mrija wa pafu: kulivuta au kuliacha?

KifuaWazi: CT (picha ya eksirei ya vipande vipande) inaonyesha jiwe la milimita 9 kwenye mrija wa sehemu ya kati ya pafu la kulia. Mgonjwa aliwahi kuugua kifua kikuu, sasa anakohoa damu kidogo kidogo. Mnaamuaje kati ya bronkoskopu (mrija wenye kamera unaoingizwa kwenye njia ya hewa) na upasuaji?

Mkamba: Hilo kwa kawaida ni tezi ya limfu iliyojaa chokaa baada ya kifua kikuu au histoplasmosisi (ugonjwa wa kuvu wa mapafu), ikasuguana na ukuta wa mrija hadi ikautoboa. Kwa hiyo unachokiona ndani huenda ni ncha tu. Rudia CT kwa vipande vya milimita 1, na dawa ya kuonyesha mishipa. Likiwa limeshikamana na ateri ya pafu, au kuna tundu la kwenda kwenye umio, mpelekee daktari wa upasuaji. La sivyo, liguse taratibu kwa koleo lililofungwa. Likicheza, linatoka. Lisipocheza, mkono usishindane nalo: kuvuta kwa nguvu ndiko kunakochana mshipa.

KifuaWazi: Na likicheza nusu tu?

NusuKaputi: Leza ya holmiamu ya kulivunja jiwe, kwa bronkoskopu ngumu, mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi. Anza na joule 0.5 na mapigo 5 kwa sekunde, ncha ya uzi wa leza iguse jiwe lenyewe, kamwe si ukuta. Kabla ya kufyatua, oksijeni ishushwe chini ya asilimia 40, maana njia ya hewa huweza kushika moto. Vipande vinyonywe papo hapo visije vikatumbukia pafu la pili.

Mkamba: Krayoprobu (kijiti cha kugandisha, jiwe likagandia nchani) nayo inafaa kwa jiwe lililolegea, ila jiwe kavu haligandi. Lilowanishe kwa maji ya chumvi kwanza, kisha toa jiwe, probu na bronkoskopu kwa pamoja. Halipiti kwenye tundu la kifaa. (Wengi hulipoteza kooni, kwenye nyuzi za sauti.)

NusuKaputi: Puto la kuziba mrija liwe mezani kabla ya kuanza, si kabatini. Damu ikifumka, mlaze upande unaovuja uwe chini, ziba, mimina maji ya chumvi baridi. Adrenalini iliyozimuliwa husaidia mchuruziko mdogo. Kwa ateri iliyochanika haifui dafu, hapo puto libaki limejaa mpaka chumba cha upasuaji.