Land Rover 109, Land Cruiser 40 au Land Cruiser 60: ipi ninunue na kuifufua iwe gari la familia?

Baba Neema (Moshi)

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa watu walioshika spana kwa mikono yao.

Tuko watano nyumbani: mimi, mama watoto, na watoto wa miaka 4, 7 na 11. Kazini naenda kwa daladala, kwa hiyo gari hili si la kila siku. Ni la kanisani, la kwenda kwa bibi yao Usangi, kule milima ya Upare, na la kushusha ndizi tukirudi. Masika yaliyopita gari dogo la kuazima lilikwama kwenye tope huko juu, tukalala ndani na mdogo ana homa. Usiku ule niliapa kwamba tutapanda tena mlima ule na fowili, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, au tutabaki nyumbani.

Fowili za kisasa siziwezi. Za zamani nazipenda tangu utoto, na nipo tayari kwenda nazo polepole. Nina milioni 28 kwa kununua na kutengeneza, na nimeshaona tatu:

Land Rover 109 Series III ya 1978, petroli, ile ndefu ya milango mitano. Imesimama miaka minne chini ya mwembe. Anataka milioni 9.

Land Cruiser FJ40, fupi, ya 1979, petroli. Inatembea, rangi inang'aa. Milioni 18.

Land Cruiser HJ60 ya 1987, injini ya dizeli iitwayo 2H. Inatembea, ila imeoza pembeni kwa nyuma na viti vimechanika. Milioni 17.

Moyo uko kwa 109. Mama watoto anasema 60. Ninyi mnasemaje?

Fundi Kombo (Arusha)

Mkuu, nimefungua 109 nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu, na gari hilo nalipenda. Oktoba 2024 lilipofanyika tamasha la Land Rover hapa Arusha niliona za kila umri zinapita kwa nguvu zake zenyewe. Kwa hiyo ninachokuambia hakitoki kwa mtu wa Toyota.

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, ndiyo maana ya miaka 40 kwa macho bado inaonekana nzima. Watu wanadanganyika hapo. Chini yake chasisi ni ya chuma, na ukuta wa kati ya injini na miguu ya dereva nao ni wa chuma. Hivyo ndivyo vinavyokufa. Nenda na nyundo ndogo na tochi, vaa nguo chafu, ingia uvunguni. Gonga boriti ya nyuma kabisa panapofungwa ndoano ya kuvutia, gonga mikono inayotoka pembeni ya chasisi kushika bodi, gonga panapokaa springi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti butu, na kikiwa kimezibwa kwa puti na rangi nyeusi mbichi, nyundo inaacha alama. Halafu inua zulia uangalie sakafu ya miguuni na nguzo za milango ya mbele.

Chasisi ikiwa imeoza sehemu mbili tatu, tunakata na kuchomelea. Ikiwa imeoza kote, milioni 9 zako umenunua injini na milango. Uingereza bado wanatengeneza chasisi mpya za 109 zilizochovywa kwenye zinki, lakini kuifikisha hapa na kuhamisha gari zima juu yake ni bajeti nyingine.

Injini ya petroli ya 2.25 ni rahisi mno. Kabureta, plagi, kifuniko cha distribyuta, na kijana yeyote mwenye akili anaifahamu kwa wiki moja. Ila ina nguvu za farasi 70 na kidogo kwa gari zito kama hilo. Kupanda Usangi na watu watano na ndizi utapanda, kwa gia ya pili, huku malori yakikusubiri nyuma. Mafuta hesabu kilomita 5 au 6 kwa lita. FJ40 yenye ile injini ya 2F ya lita 4.2 ina nguvu kweli, lakini inakunywa zaidi ya hapo.

Ile 60 nakuja kuisemea nikimaliza kazi.

Mama Wawili (Nairobi)

Kaka, pole kwa usiku huo na mtoto. Mimi na bwanangu tulifufua 109 kama hiyo, kwa hivyo nitasema kile wanaume wengi kwenye mambo haya husahau: watoto watakaa wapi, na watafungwa na nini?

Ukifungua mlango wa nyuma wa 109 utakuta viti virefu viwili vinavyotazamana, na hakuna mikanda. FJ40 ni hivyo hivyo. Ukifunga breki ghafla, mtoto aliyekaa upande anarushwa mbele na hana cha kumshika. Kwa FJ40 hiyo ndiyo nafasi pekee ya watoto wako watatu. Kwangu mimi gari hilo lilitoka kwenye orodha siku hiyo hiyo.

109 ndefu angalau ina safu ya katikati ya watu watatu wanaotazama mbele. Sisi tuliweka mikanda hapo. Lakini usikubali fundi atoboe bati na kufunga mkanda kwa bolti na washa. Aluminiamu ni laini, itachanika kama karatasi. Tulitengeneza fremu ya chuma iliyoshikwa kwenye chasisi, mikanda ikafungwa kwenye fremu.

Na ujue muda. Sisi tulisema miezi sita, ikawa miaka miwili na nusu. Gereji ya kwanza walifungua injini yote, wakaweka vipande kwenye katoni, kisha wakawa hawashiki simu. Tulipoenda kuchukua gari, bolti za silinda hedi hazikuwepo na kabureta ilikuwa ya gari lingine. Tangu hapo kila kinachofunguliwa napiga picha, na kila kipande kinaingia kwenye mfuko wenye jina.

Najivunia gari letu sana. Lakini miaka ile miwili na nusu watoto walikuwa wanapanda matatu.

Mzee wa Pangani

Wanangu, salaam. 109 nimeiendesha kazini tangu nikiwa kijana, Pangani mpaka Handeni, mvua na jua. Dereva wa leo akishika usukani ule atadhani umekwama. Hauna msaada wowote, unazungusha kwa mabega. Breki ni za dramu magurudumu yote manne, na ukitoka kwenye maji zinakuwa kama hazipo mpaka uzikaushe kwa kukanyaga polepole. Mama watoto naye ataendesha? Mpeleke ajaribu kabla hujalipa.

Jingine: uliza gari limeishi wapi. Huku kwetu chumvi inakula, na pale aluminiamu inapogusana na chuma inakula maradufu, utaona unga mweupe unatoka kwenye viungo. Gari lililokaa Tanga au Dar na lililokaa Karatu, hata kama mwaka ni mmoja, si ndugu.

Kile kirungu cha njano kando ya gia, ukikibonyeza, ekseli ya mbele nayo inaingia kuvuta. Usikibonyeze kwenye lami kavu. Ekseli mbili zinashindana, na kinachoshindwa ni giaboksi. Kijana mmoja alitoka nalo hivyo Muheza hadi Korogwe.

Baba Neema (Moshi)

Shikamoo mzee. Asante sana. Mama watoto ataendesha, ndiyo. Na dada wa Nairobi, suala la viti sikuwa nimeliwaza kabisa, nakushukuru kwa dhati. FJ40 nimeifuta.

Bin Said (Muscat)

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, umeifuta FJ40 kwa haki kama kubeba watoto, lakini nisikubali iondoke bila kusemewa. Hapa Oman gari hizi watu wanazifufua mpaka skrubu, na nnavyoona mimi hakuna gari lililojengwa kwa ukweli kama lile. Ilianza 1960 ikatengenezwa mpaka 1984, na injini ya F ukiipa oili na maji safi, haina ugomvi.

Lakini rangi inayong'aa inanitia wasiwasi. Bodi yake ni bati la chuma, na kutu lake linaanza nyuma ya milango na chini ya fremu ya kioo cha mbele. Kwa pesa kidogo tu utapata sumaku: ipitishe kwenye bodi. Pasiposhika ujue pana puti nene. Rangi mpya juu ya gari ambalo muuzaji hakukuonesha picha zake likiwa limevuliwa, mimi silinunui.

Na yeyote anayewaza kutoa moja huku kwetu, usukani uko kushoto. Kwa gari la kutazamwa sawa. Kwa kulipita lori Segera una watoto ndani, la.

Fundi Kombo (Arusha)

Nimerudi. Sasa hiyo 60.

Series ya 60 ilitoka 1980 hadi 1990, na ilitengenezwa tangu mwanzo iwe gari la familia linaloweza porini. Kiti cha nyuma kinatazama mbele, usukani nyingi zina pawa, breki za mbele ni za disiki. Springi bado ni za majani, kwa hiyo itawarusha kidogo, lakini si kama 109. Injini ya 2H ni dizeli ya lita 4, silinda sita, haina taimingi belti ya kukatika: inazungushwa kwa meno. Haina kompyuta. Si ya mbio, ila inavuta kuanzia chini kabisa, na hicho ndicho unachotaka mlimani. Mafuta utapata kilomita 8 kwa lita ukiwa na adabu ya mguu.

Ugonjwa wake ni huo ulioutaja. Inaoza pembeni nyuma juu ya matairi, kwenye mfereji wa paa, na chini ya milango. Bati la pembeni fundi bodi analikata na kuunga, hilo halinitishi. Linalonitisha ni likivuka kwenda kwenye chasisi nyuma, panaposhikwa springi. Hapo nyundo tena.

Ukienda kuiona, mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Dizeli mbovu inaficha maradhi ikishapata joto. Iwashe ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili. Moshi ukipiga kwa mapigo kama pampu, ringi zimekwisha. Ukikuta ute mweupe chini ya kifuniko, maji yanaingia kwenye oili. Tazama namba ya chasisi upande wa kulia mbele, ilingane na kadi herufi kwa herufi. Angalia na namba ya injini, maana nyingi zilibadilishwa na kadi haikubadilishwa, na siku ya kuhamisha umiliki TRA shida inakuwa yako.

Tena uliza umeme: kama ilitoka Japani, inawezekana ni ya volti 24. Si ubovu, ila taa, redio na starta lazima ununue za volti hizo, na fundi umeme asiyejua ataunguza vitu.

Mama Wawili (Nairobi)

Fundi amesema vyema. Kaka, ukichukua 60 angalia mikanda ya nyuma ni ya aina gani. Nyingine zina ya kiunoni tu. Huyo wa miaka 4 anahitaji kiti chake, na kiti kingi cha mtoto kinataka mkanda wa begani pia. Huku Kenya gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, kwa hivyo 60 zilizobaki ni za humu humu na wenye nazo hawaziachii kwa urahisi. Ukipata nzima kwa bei hiyo, sali na ukimbie.

Baba Neema (Moshi)

Wakuu, nimerudi na habari. Jana tulikwenda kuona zote mbili, mimi, mama watoto na kijana wa gereji ya jirani.

109: boriti ya nyuma nyundo iliingia. Si alama, iliingia. Mikono miwili ya kulia imeshika kwa rangi tu. Nilisimama pale chini ya mwembe kwa muda, kwa kweli iliniuma. Mama watoto alijaribu usukani gari likiwa limesimama, akaniangalia, hakusema neno.

60: injini ilikuwa baridi, ikaanza mara ya pili baada ya kusubiri taa ya plagi za joto izime. Moshi mweupe kidogo ukakata. Kifuniko hakipigi moshi, ute hakuna. Chasisi nyuma inalia vizuri kulia. Kushoto, karibu na mwisho wa springi, pana kipande kama cha kiganja kinachotoa magamba, ila nyundo haikupita. Namba zinalingana na kadi. Mikanda ya nyuma ni ya kiunoni. Amekubali milioni 15 na nusu.

Ikibaki milioni 12 na nusu, nianze na nini?

Fundi Kombo (Arusha)

Usianze na rangi, hata watoto wakilia. Kwanza pale kushoto pasuguliwe mpaka chuma cheupe, pachomelewe sahani, chasisi yote ipigwe dawa ya kutu ndani na nje. Pili breki: mipira yote ya silinda, hozi zote, mafuta mapya. Tatu bushi za springi, bolijointi za usukani, matairi. Nne oili za injini, giaboksi, transfa na difu zote mbili, filta, hozi za rejeta, nozeli zipimwe. Baada ya hapo liendeshwe miezi miwili na baba peke yake. Litakuonesha lenyewe kinachofuata. Bati la pembeni, viti na rangi vinasubiri. Gari liendelee kutembea wakati wote, lisivuliwe lote kwa mara moja. Umesikia ya Nairobi.

Mama Wawili (Nairobi)

Na mikanda ya begani, kabla ya bibi kuwaona.

Baba Neema (Moshi)

Imeandikwa juu kabisa, dada, mama watoto ndiye aliyeshika kalamu. Jumatatu naenda kulipa na kuanza uhamisho wa kadi. Fundi, naomba nikuletee Arusha wiki ijayo uione hiyo chasisi ya kushoto kwa macho yako kabla mtu hajawasha moto.

Fundi Kombo (Arusha)

Lete. Usiioshe uvunguni, nataka kuona matope yalivyokaa.