Naomba ushauri: kunyanyua Delica inchi 2

Wakuu habari zenu, nina Mitsubishi Delica L400 (ile van) ya dizeli, 4WD, nakaa Goba, Dar, ndani ndani huko na mvua ikipiga njia yetu ni makorongo matupu, kava ya chini ya injini ishapinda. Nataka niinyanyue inchi 2. Fundi mmoja Ilala anasema mbele anakaza tosheni baa (zile nondo zinazofanya kazi ya springi), nyuma anaweka spesa (kipande cha kuongeza kimo) kwenye springi, imeisha hiyo. Mwingine anasema ukikaza sana draivu shafti zinakaa vibaya, buti (raba zinazofunika jointi zake) zinachanika, na shokapu za sasa zitakuwa fupi. Huyu wa pili ndo namwelewa ila bei yake sasa, duh! Mliowahi kufanya, springi ndefu mlipata Gerezani kwenye maduka ya spea au mliagiza? Na alaimenti inakubali kweli au tairi zinaliwa upande?