Tupeane uzoefu: shahada ya sayansi Scotland, mlichaguaje na nani alilipa?

MamaGovan
Wakuu, habari zenu. Kijana wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Glasgow. Kemia anaipenda, viumbe anavipenda, na mwalimu wa fizikia anasema asithubutu kuiacha. Jana shangazi yake kapiga simu kutoka Kigoma: "Mwanaume mzima hajui anataka kusoma nini?" Sikulala. Waliopita njia hii, au waliosomesha, nisimulieni ilivyokuwa. Hasa upande wa pesa.

Bahari_ya_Kaskazini
Mwambie shangazi kwamba Scotland hawamlazimishi mtoto kuamua akiwa na miaka 17. Shahada ni miaka 4, siyo 3 kama England, na ile miwili ya mwanzo imeachwa wazi makusudi. Mimi niliingia Aberdeen kwa kemia. Nikaongeza jiolojia kwa sababu tu ratiba iliruhusu. Wakatupeleka Stonehaven, pale ufa mkubwa unaotenganisha nyanda za juu na za chini za Scotland unapoingia baharini. Nikasimama nikitazama miamba, kemia ikaishia hapo. Mwaka wa tatu nilikuwa nimeshahamia jiolojia kabisa, na ndiyo inayonilisha leo. Ada alilipa SAAS, ile ofisi ya serikali ya Scotland inayolipia wanafunzi, maana tulikuwa wakimbizi tuliokwisha kupewa kibali.

Fundi_Leith
Naunga mkono. Binti yangu alianza Glasgow na masomo matatu, krediti 40 kila moja. Akamaliza na moja.

Moro_Town
Huwa nasoma tu, siandiki. Leo mmenigusa pabaya.

Binti yangu alimaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia, biolojia), akapata nafasi chuo kimoja cha huko kusoma biolojia. Tulichinja. Ada ya mgeni siyo hiyo ya SAAS; ni pauni elfu 20 na kitu kwa mwaka, kwingine elfu 30 na zaidi. Baba yake mdogo, yuko Muscat, akasema mwaka wa kwanza niachieni mimi. Na kweli pesa akaiweka benki, kwa jina lake. Wakala aliyetushughulikia akatuambia taarifa ya benki ni taarifa ya benki, haina neno.

Ina neno. Kwenye viza ya mwanafunzi, pesa ya familia inatakiwa iwe kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi, au ya mlezi anayetambulika kisheria. Yule aliyemlea mwanangu tangu mume wangu afariki, kwa maofisa wale si mzazi. Viza ikakataliwa, na ada ya viza haikurudi.

Tukahamishia pesa kwangu mbio mbio. Kumbe lazima ikae siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, ada ya mwaka wa kwanza pamoja na matumizi ya miezi 9. Tarehe ya mwisho ya kuripoti chuoni ikatukuta tunasubiri. Mtoto alikaa chumbani na begi limeshafungwa. Halii, hasemi. Nje huku majirani wanauliza anaondoka lini. Shemeji akapiga simu kwa hasira kwamba tumemdhalilisha, kwamba pesa yake imekataliwa kama ya mwizi. Bibi mzaa baba akamtetea, kaka zangu wakanitetea mimi, na mpaka leo kuna watu kwenye ukoo hawasalimiani.

Chuo kilimshikia nafasi mwaka mmoja. Mwaka huo mkataba wa shemeji Muscat ukaisha. Sasa binti yuko SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, anasoma wanyamapori kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, na anafanya vizuri. Lakini lile begi mimi siwezi kulitazama.

Fundi_Leith
Pole sana dada yangu. Nimesoma mara mbili.

Kibarua_Mkweli
Taja jina la wakala, wengine wapone.

Moro_Town
Sitaji. Alichokosea nimekisema.

Kibarua_Mkweli
Basi unamlinda.

Zamu_ya_Usiku
Mjane anasimulia machungu yake na wewe unamhoji kama polisi? Acha.

Mchumi_Halisi
Niseme jambo lisilopendeza. Kuteketeza pesa zote hizo kwa sayansi ya mchanganyiko ni hasara. Ukirudi Nairobi au Dar mwajiri anauliza wewe nani: mfamasia, mhandisi, muuguzi? Asome kitu chenye bodi ya kumsajili.

Bahari_ya_Kaskazini
Hujasoma nilichoandika. Mwisho cheti kinakuja na somo lake. Halafu Nyerere alikuwa mwalimu wa biolojia St. Mary's Tabora, akaenda Edinburgh 1949, akatoka 1952 na MA ya mchanganyiko: uchumi, historia, falsafa. Alipungukiwa nini?

Mchumi_Halisi
Alirudi Tanganyika wakati wasomi wanahesabika kwa vidole. Usimlinganishe na kijana anayetuma maombi ya kazi leo.

Zamu_ya_Usiku
Mbona mnazungumzia watoto tu? Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, Dundee, na nasoma sayansi asilia Open University. Ukiishi Scotland na kipato chako hakizidi pauni 25,000 kwa mwaka, kuna ruzuku ya ada kwa wanaosoma kwa muda (part-time). Si mkopo. MamaGovan, na wewe ujiangalie.

Ruzizi_Boy
Mie nilianzia koleji, HNC, cheti cha chini ya shahada, kisha chuo kikanipokea mwaka wa pili. Walinicheka eti koleji ni ya walioshindwa. Maabara nilizizoea huko huko.

Fundi_Leith
Mwenye alama nzuri za Higher, mitihani ya sekondari ya Scotland, asipitie huko, aende chuo moja kwa moja.

Ruzizi_Boy
Kaka, si kila mtu alizikuta Higher. Wengine tulifika tuna miaka 19.

MamaGovan
Nimewasoma wote, Moro_Town nakuombea. Swali langu: sisi tulikaa Leicester miaka mingi, Glasgow tumehamia mwaka juzi kufuata kazi ya baba yao. SAAS watatukubali?

Bahari_ya_Kaskazini
Wanaangalia tarehe 1 Agosti ya mwaka anaoanza: uwe unaishi Scotland, uwe umekaa Uingereza kihalali miaka 3 kabla yake, na usiwe umehamia kwa ajili ya masomo. Kazi ya mzee ndiyo ushahidi wenu. Weka tayari mkataba wa kazi, wa nyumba na barua za shule. Wakikubali, wanalipa pauni 1,820 kwa mwaka moja kwa moja chuoni. Angekuwa bado Leicester angedaiwa zaidi ya 9,000. Fomu inajazwa upya kila mwaka, na itume kabla Juni haijaisha, asisubiri matokeo. Akibadilisha kozi akumbuke wanalipa urefu wa kozi pamoja na mwaka 1 wa ziada, basi.

Fundi_Leith
Na akiwa chini ya miaka 22, kupanda mabasi ni bure Scotland nzima. Kadi aombe sasa hivi, akatembelee vyuo vyote kabla ya kujaza UCAS, yale maombi ya vyuo.