Jirani anachimba mita 9 chini ya ardhi: maoni gani ya wakazi yana uzito?

Mpakani

Wakuu, salaam. Kiwanja kinachopakana na nyumba zetu kimebandikwa bango la maombi ya ghorofa 12 pamoja na ngazi mbili za maegesho chini ya ardhi. Kwa mujibu wa michoro, shimo ni mita 25 kwa 30, kina mita 9, na ukingo wake uko mita 3 tu kutoka mpakani. Upande wetu ziko nyumba sita za tofali zisizo na ghorofa, misingi ya mkanda yenye kina cha kama mita moja. Udongo wa juu ni mfinyanzi, chini yake mchanga, na ukichimba kisima maji unayakuta mita 4.

Wakazi tumepewa siku 21 za kutoa maoni kwa maandishi. Rasimu iliyopo imejaa "hatulitaki, litaharibu mtaa". Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii: tuandike nini chenye uzito, na tudai nini kabla mashine haijaingia?

Timazi

Mkuu, rasimu hiyo iacheni. Anayepitia maoni hana mahali pa kuiweka "hatulitaki". Ana mahali pa kuweka sharti: nani apime nini, kila baada ya muda gani, na kipimo kikifika wapi kazi isimame. Kila hofu yenu igeuzeni iwe sharti la namna hiyo, maana likishaandikwa kwenye kibali mkandarasi analibeba hadi mwisho wa kazi.

Anzeni na shimo, ndilo linalogusa nyumba. Kuchimba mita 9 bila kuzuia udongo maana yake ukingo ulazwe, na kwenye udongo dhaifu kila mita moja ya kina inataka mita moja na nusu ya mlazo. Hapo ni mita 13.5, na nafasi iliyopo ni 3. Kwa hiyo lazima uwepo ukuta wa kuzuia udongo, na ujengwe kabla ya kuchimba. Dai la kwanza liwe michoro ya ukuta huo na hesabu zake zenye saini ya mhandisi. La pili, mpangilio wa uchimbaji: wanashuka mita ngapi ndipo wanafunga mihimili ya kuushikilia ya ngazi ya kwanza, wanashuka tena ngapi ndipo ya pili.

Mashimo mengi yanaharibikia kwenye huo mpangilio. Ukuta unakuwa umejengwa vizuri kabisa, lakini mwendesha mashine anaambiwa ashuke mita mbili zaidi ili kuokoa siku kadhaa, mihimili bado iko chini imelala. Ukuta unapinda kuelekea shimoni. Ukisogea hata milimita 30, udongo wa nyuma yake unashuka kuifuata ile nafasi, na juu ya udongo huo kuna nyumba. Andikeni wazi: hakuna kuchimba zaidi ya nusu mita chini ya usawa wa mhimili mpaka mhimili huo uwe umefungwa na mhandisi ameukagua. Na kifusi kisirundikwe ukingoni. Rundo la mita moja tu linakandamiza ukingo kwa karibu tani 1.8 kila mita ya mraba.

Kuhusu nani aingie kwenye orodha ya nyumba za kukaguliwa, msikubali wapate nyumba mbili za mpakani tu. Mwaka 1969 mhandisi Ralph Peck alikusanya vipimo vya mashimo ya aina hii, akaonyesha kwamba kushuka kwa ardhi nyuma ya ukuta kunaweza kufika umbali wa mara mbili ya kina cha shimo, na kwenye mfinyanzi laini hadi mara nne. Kwa kina hicho ni mita 18 mpaka 36. Chukueni futi kamba, pimeni kutoka ukingoni, muone nyumba ngapi zinaingia.

Ukaguzi wenyewe ufanyike chumba kwa chumba kabla ya kazi kuanza: kuta, dari, sakafu, fremu za milango, ukuta wa uzio, mifuniko ya chemba za majitaka. Kila ufa upigwe picha ukiwa na rula pembeni yake, na ripoti isainiwe na pande zote mbili, nakala ibaki kwa mwenye nyumba. Nyumba karibu zote zina nyufa za zamani, na hilo lisiwafanye watu kuficha. Ufa wa zamani ulioandikwa una faida kwako, kwa sababu ukiongezeka inaonekana.

Kisima cha Pembeni

Timazi amesema vizuri kuhusu udongo, ila kwa maelezo ya Mpakani mimi naogopa maji zaidi.

Maji yako mita 4, shimo mita 9, na ili mafundi wafanye kazi pakavu lazima yashushwe hadi kama mita 10. Hiyo ni kushusha mita 6. Maji ya ardhini huwa yanabeba sehemu ya uzito wa udongo. Yakishuka mita moja, tabaka za chini zinaongezewa mzigo wa karibu tani moja kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa 6, unapata mzigo mkubwa kuliko nyumba nzima isiyo na ghorofa. Mchanga ukiongezewa mzigo unabonyea kidogo tena mara moja. Mfinyanzi unabonyea taratibu, kwa miezi hata miaka, kwa hiyo nyufa zinaweza kuja wakati mkandarasi ameshakunja vifaa.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: ule ukuta unaishia wapi? Kama ncha yake inaishia ndani ya mchanga, maji yanapita chini yake na pampu inavuta maji ya mtaa mzima. Ukuta ushuke mpaka tabaka lisilopitisha maji, au watengeneze kizuizi cha chini kwa kudunga saruji. Daini pia visima vyembamba vya kupimia maji, viwili kati ya ukuta na nyumba na kimoja mbali zaidi, visomwe kila siku wakati pampu zinafanya kazi. Pendekezeni kikomo: maji ya nje ya ukuta yakishuka zaidi ya nusu mita chini ya usawa wake wa kawaida, pampu ipunguzwe na maji yarudishwe ardhini kwa visima vya kurudishia. Ni muhimu usawa wa kawaida upatikane kwa kusoma visima wiki kadhaa kabla, kwani maji hupanda na kushuka kwa majira.

Kuna jambo moja mkazi yeyote anaweza kulifanya bila kifaa. Chota maji yanayotoka kwenye bomba la pampu kwa chupa ya kioo, iweke mezani nusu saa bila kuigusa. Siku mbili tatu za mwanzo tope kidogo ni kawaida. Baada ya hapo maji yanapaswa kuwa angavu. Ukiona kila siku chini ya chupa panatua utando wa mchanga laini, pampu inanyonya ardhi yenyewe. Chujio la kisima limetoboka au ni pana mno, na chini ya misingi kunaachwa mapango. Piga picha chupa ikiwa na tarehe, peleka siku hiyohiyo.

Mchora Ramani

Niongeze upande mwingine, kwa nia njema kabisa. Mji unaokua unahitaji nyumba za kupanda juu, na barua inayopinga kila kitu inapoteza nguvu kwenye yale machache ya kweli. Katika mamlaka nyingi hoja za aina ya "thamani ya nyumba yangu itashuka" au "sitaona tena mandhari" hazihesabiwi. Zinazohesabiwa ni mwanga, maji ya mvua, barabara, kelele, usalama wa majengo ya jirani.

Mwanga una hesabu nyepesi. Ghorofa 12 kwa mita 3 kila moja ni mita 36. Jua likiwa nyuzi 45 kivuli ni mita 36, likishuka nyuzi 30 kinafika mita 62. Ombeni mchoro wa kivuli wa saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, kwa siku yenye jua la chini kabisa na lile la juu kabisa. Mchoro wa saa sita peke yake utawaonyesha kivuli kifupi na hautawaambia chochote.

Na mtikisiko: msiandike "nyumba inatetemeka" kama ushahidi wa uharibifu. Binadamu aliyetulia anaanza kuhisi mtikisiko wa karibu milimita 0.3 kwa sekunde. Kanuni ya Ujerumani, DIN 4150, inaweka kikomo cha milimita 5 kwa sekunde kwenye msingi wa nyumba ya kuishi kwa mitikisiko inayojirudia polepole, na 3 kwa majengo dhaifu ya kale. Utahisi mapema sana kabla ukuta haujadhurika. Daini kifaa cha kupima kifungwe kwenye msingi wa nyumba iliyo karibu zaidi, na nguzo za msingi ziwekwe kwa kutoboa udongo badala ya kugongwa kwa nyundo. Hapo mnakuwa mmemaliza.

Tipa na Mtaro

Mchora Ramani kataja barabara na mvua akapita haraka, wakati hayo ndiyo yatawasumbua watu wengi zaidi.

Shimo la 25 × 30 × 9 ni mita za ujazo 6,750. Udongo ukichimbuliwa unavimba, tuseme asilimia 25, inakuwa kama 8,440. Tipa la mita za ujazo 15 litakwenda safari 563, na kila safari ni kupita mara mbili. Wakiondoa kifusi kwa siku 60 ni safari 9 au 10 kwa siku. Wakibana kwa siku 20 ni 28 kwa siku, kila moja ikiwa na tani zaidi ya 20 za udongo, na barabara ya mtaa haikutengenezwa kwa hilo. Kwa hiyo sharti litaje idadi ya juu ya safari kwa siku, njia watakayopita, saa za kuanza na kuisha zisizogongana na watoto wa shule, na sehemu ya kuoshea matairi kabla ya kutoka getini. Tope likikaa kwenye lami leo, kesho liko ndani ya mtaro, na mvua ya kwanza linaziba.

Tukija kwenye mvua yenyewe: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme kiwanja ni mita za mraba 1,000. Mvua ya milimita 50 ndani ya saa moja inamwaga lita 50,000. Kiwanja chenye nyasi na udongo kinaachia labda asilimia 30, yaani lita 15,000. Kikijengwa na kusakafiwa kinaachia karibu 90, yaani 45,000. Lita 30,000 za ziada zinakwenda wapi? Kama jibu ni "mtaroni", ombeni vipimo vya mtaro. Jibu zuri ni tangi la chini ya ardhi la kushikilia maji hayo, lenye tundu dogo la kuyaachia polepole, na chujio linalofikika kusafishwa. Tangi lisilofikika linajaa mchanga, likawa sawa na kutokuwepo.

Mpakani

Asanteni sana wakuu, barua imeanza kuwa na sura. Bado moja: mwenye mradi anasema hakuna haja ya vipimo vyote hivyo, kwamba ufa ukitokea atatengeneza. Na kama wakazi tukitaka kupima wenyewe pembeni ya vipimo vyake, tunaanzaje?

Timazi

"Nitatengeneza" haina maana mpaka ijulikane ni ufa upi na umeletwa na nini. Bila kipimo cha kabla atakwambia ulikuwepo. Daini vipimo vyake viletwe kwa wakazi kila wiki, halafu pimeni vyenu kwa ajili ya kulinganisha.

Kwenye kila kona ya nyumba pigilia msumari wa zege, kama sentimita 30 juu ya ardhi. Linganisha usawa wake kwa mpira wa maji mwangavu. Ukitulia unapata usahihi wa milimita 2, lakini kiputo kimoja cha hewa ndani ya mpira kinakudanganya sentimita nzima, kwa hiyo uinue mpira wote uuangalie kwenye mwanga kabla ya kusoma. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuweka alama ya kulinganishia kwenye nguzo ya geti. Geti linashuka pamoja na nyumba, vipimo vinasema kila kitu ni salama. Alama iwe nje ya zile mita 36 kutoka ukingo wa shimo, kwenye jengo la zamani lililotulia.

Kinachopasua ukuta ni tofauti ya kushuka kati ya kona na kona. Mwaka 1963 mhandisi Laurits Bjerrum alitoa viwango vya tofauti hiyo ikigawanywa kwa umbali kati ya kona, ambavyo bado vinatumika: 1 kwa 500 ndiyo mipaka ya usalama dhidi ya nyufa, 1 kwa 300 nyufa za kwanza zinatarajiwa, 1 kwa 150 ni hatari kwa jengo. Kwa kona zilizo mita 6 mbali ni tofauti ya milimita 12, 20 na 40. Wekeni tahadhari kwenye 6 na kusimamisha kazi kwenye 12.

Kwa nyufa, weka alama mbili za penseli yenye ncha kali upande huu na upande ule, pima kwa kalipa, saa ileile kila mara, kwa sababu ukuta uliopigwa na jua hutanuka na kusinyaa wenyewe. Angalia pia umbo: ufa uliopanuka juu kuliko chini, unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, ni dalili ya upande mmoja kushuka. Nyufa za lipu nyembamba kama nywele, zisizofika milimita moja, ni kazi ya rangi. Kuanzia milimita 5 kwenda juu milango inakwama na mabomba yanaweza kukatika, hapo usisubiri ripoti ya wiki.

Kisima cha Pembeni

Na msiruhusu nyufa zizibwe siku pampu zinapozimwa. Maji yakirudi juu ardhi inasogea tena. Endeleeni kusoma mara moja kwa mwezi, zibeni baada ya miezi mitatu mfululizo isiyo na badiliko, na muda huo nao uandikwe kwenye masharti, pamoja na nani anayelipa.