Lumbesa na Neno la Mungu

Mnunuzi wa Viazi:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ninanunua viazi mviringo kwa wakulima wa Njombe na kuvipeleka Dar es Salaam. Wenzangu hujaza lumbesa, yaani gunia lililoongezwa mdomo kwa kamba iliyosukwa kama wavu, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Je, ni dhambi ikiwa mkulima mwenyewe amekubali?

Mama Upendo:
Amina. Soma Kumbukumbu la Torati 25:13-14, linalokataza mfanyabiashara kuwa na mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Ninyi mnanunua shambani kwa gunia lenye kilemba na kuuza sokoni kwa kilo. Mawe mawili ni yapi kama si hayo? Na mkulima anayedaiwa pembejeo, mwenye viazi vinavyoanza kuchipua, hana nafasi ya kukataa.

Mzee wa Kanisa:
Niongeze kwamba hata sheria ya vipimo hairuhusu lumbesa, ingawa (tuseme kweli) magunia hayo hupita kwenye vizuizi vya barabarani. Nabii Amosi, katika 8:5, aliwakemea waliopunguza efa (kipimo cha nafaka) na kuongeza shekeli (uzito wa kupimia fedha), na waliokuwa wakiumia ni maskini.

Mnunuzi wa Viazi:
Nimewaelewa, ila nikipima kwa haki peke yangu mtaji utakatika.

Mama Upendo:
Nunua kwa mizani, ndugu yangu, ukubaliane na mkulima bei ya kilo unayoimudu, hata ikiwa ndogo, naye ajue anachouza.