Ushauri: taka nilizochambua zimejaa korido, nifanyeje?

Mtu wa Kona: Wakuu, naomba ushauri, matusi wekeni pembeni. Tangu mwaka jana nachambua taka nyumbani: plastiki kivyake, karatasi kivyake, chupa za kioo kivyake, makopo kivyake. Gari la taka hupita likijisikia, na likipita jamaa wanarusha vyote kwa pamoja. Sasa viroba vimejaa korido, vinanuka, panya wamehamia. Swali langu ni moja tu: nifanyeje harufu iondoke?

Shangazi wa Pili: Pole. Plastiki yenyewe hainuki, kinachonuka ni kilichobaki ndani. Suuza kwa maji yaleyale uliyooshea vyombo, usifungulie bomba upya. Ziinamishe zikauke kabisa ndipo ufunge kiroba. Maboksi yaliyolowa mafuta yatoe, yanaharibu karatasi safi zote. Mabaki ya chakula yawe na ndoo yake yenye mfuniko.

Kifaru Mtulivu: Mke wangu alianza hayo mambo tukaishia kulala na makopo uvunguni. Nikigeuka usiku, bendi nzima inapiga. Tuliachana, ila si kwa sababu ya makopo. Yaani si makopo peke yake.

Fundi Kimya: Viroba vingapi, na mnaishi wangapi?

Mtu wa Kona: 23. Tuko wawili.

Fundi Kimya: Watu 2, viroba 23? Chupa ukiikanyaga ukairudishia mfuniko inabaki bapa. Hebu sema vizuri.

Mtu wa Kona: Haya. Wapangaji wenzangu 9 wananiletea za kwao, na mwisho wa mwezi wananipa kitu kidogo. Kuna kijana wa mkokoteni alikuwa akinunua chupa na makopo, ana miezi 3 hajaonekana. Siwezi kuwaambia wenzangu mzigo haujaenda popote, hela nimeshakula. Kwa hiyo Jumapili usiku wakilala nachoma vile visivyo na mnunuzi. Shimo nimeshachimba nyuma. Na msiniletee mahubiri, mtaani kila mtu anachoma.

Shangazi wa Pili: Kumbe shida haikuwa harufu.

Mzee wa Mizani: Kijana, amana ni deni. Mtu amekupa taka zake na hela yake juu, wewe unamrudishia moshi dirishani? Rudisha fedha za watu.

Mtu wa Kona: Mzee, ningekuwa nazo nisingekuwa hapa.

Fundi Kimya: Kabla hujawasha kiberiti, geuza kila chombo utazame kitako. Kuna namba katikati ya mishale mitatu. Wengi hudhani mishale ile ni ahadi kwamba kitu kitarejelezwa. La, inataja aina ya plastiki tu. Namba 3 ni PVC, ina klorini, na kwenye moto hafifu wa shimoni inatoa dioksini, yaani sumu kali. Namba 1 na 2 ndizo wanunuzi wengi wanazozitaka. Makopo yapitishie sumaku: inayonata ni chuma, isiyonata ni alumini, na hiyo usiichezee. Kuiyeyusha upya kunatumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini, ndiyo maana haikosi mnunuzi. Betri zimo?

Mtu wa Kona: Kiroba kimoja. Za simu. Baadhi zimevimba kidogo.

Fundi Kimya: Na ulitaka kuchoma! Kitoe korido sasa hivi. Usizitoboe, usizibane. Ziba ncha kwa selotepu, zipange zisigusane kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, uziweke nje mbali na kitu chochote kinachowaka. Kisha uliza mafundi simu nani anazipokea.

Jicho Kavu: Ngojeni kwanza. Hii ni chai. Mwezi uliopita huyuhuyu alianzisha uzi akilia yuko ghorofa ya 4, hana hata pa kuanika nguo. Leo ana uwanja wa kuchimba shimo? Picha, mkuu.

Kifaru Mtulivu: Mimi nimeshamwaga siri za ndoa yangu kwa ajili ya chai?

Mtu wa Kona: Ghorofa ya 4 ni kweli. Uwanja ni wa mwenye nyumba. Hajui habari za shimo.

Jicho Kavu: Kwa hiyo shimo kwenye uwanja wa mtu, taka za watu, hela za watu, na hakuna anayejua. Basi nimekuamini. Mtu akitunga uongo, hujipendelea kidogo.

Shangazi wa Pili: Shimo usilifukie. Mwombe mwenye nyumba mtie maganda na majani makavu, iwe mboji. Hapo angalau ndoo zinazonuka zitapungua. Wenzako waambie kesho.

Mtu wa Kona: Kesho kutwa. Betri nimeshazitoa. Ila nimekutana ngazini na mama wa chini, akauliza ndoo ya mchanga ya nini. Nikamwambia nimepanda mche. Sasa anasema nisihangaike, atakuwa ananimwagilia kila asubuhi.